Ukuta wenye zidaka: nyumba yetu ya Pate ilijengwa na nani, na tuitengeneze vipi?

Swali: “Assalaam aleikum, mwalimu. Mimi na ndugu zangu tumerithi nyumba ya mawe ya bibi yetu katika kijiji cha Pate, kisiwani Pate karibu na Lamu. Dari ya chumba kimoja imeanguka, kuta bado zimesimama. Chumba cha ndani kabisa kina ukuta mzima wa vishimo vya mraba, safu juu ya safu. Wazee wengine wanasema ni nyumba ya Wareno, wengine ya Waarabu. Fundi anatushauri tuvunje kuta mbili za kati tupate sebule pana, tupige plasta ya saruji na juu tumwage slabu. Nyumba hii ni ya nani hasa? Na fundi yuko sawa?”

Waaleikum salaam, binti yangu, wewe na ndugu zako.

Nianze na lililo na haraka. Mwambieni fundi asubiri, asivunje hata jiwe moja. Kuta hizo mbili anazoziona kikwazo ndizo zinazobeba dari, na zimekaribiana kwa sababu maalumu nitakayokueleza. Ukuta wa vishimo ndio uso wa nyumba yenu. Ukipotea hakuna atakayeweza kuurudisha, kwani mafundi wanaojua kuuchora ni wachache mno.

Sasa nije kwa mwenyewe wa nyumba. Wareno tuwaache mapema. Walifika pwani hii mwaka 1498, wakajenga Ngome ya Yesu kule Mombasa kuanzia 1593, wakaipoteza 1698. Pate waliijia mara kadhaa kwa vita na kutoza kodi. Nyumba za namna ya yenu hawakuzijenga. Desturi ya kuita kila gofu “la Wareno” imeenea pwani nzima, na chanzo chake ni kwamba watu waliokuta magofu ambayo hakuna aliyekumbuka wajenzi wake walitafuta jina la kuyapa.

Habari ya Waarabu inataka uangalifu zaidi, maana ina ukweli ndani yake. Wanabahani waliotawala Pate walijinasibu na Omani. Masharifu wengi walitoka Hadhramaut. Watu hao walikuja, wakaoa, wakazaa, wakawa Wapate. Lakini nyumba waliyoingia kuishi ilikuwa imekwisha pata umbo lake kabla yao, na ushahidi uko kisiwani humo humo mwenu. Nenda Shanga, kusini, upande wa Siyu. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba pale miaka ya 1980, akakuta mji ulioanza karne ya 8 kwa nyumba za miti na udongo. Chini ya msikiti wa mawe mlikuwa na msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, mpaka ukafika kwenye vishimo vya nguzo za miti. Nyumba za mawe zilifuata baadaye sana, kwenye karne ya 14, katika mji uleule wa watu walewale. Hakuna meli iliyoteremsha ramani ya nyumba ya Kiswahili bandarini ikiwa kamili. Watu wa hapa walijenga kwa udongo, wakapata mali ya biashara, wakajenga kwa mawe.

Kwa hiyo ukiulizwa, jibu kwamba ni nyumba ya Waswahili wa Pate. Na ongeza jambo moja ambalo wengi wetu hulipita kimya: mawe, magogo ya kuchomea chokaa na maji ya kukandia, sehemu kubwa ilibebwa na watumwa. Utajiri uliojenga nyumba hizi ulitoka kwenye majahazi ya pembe za ndovu na mikoko, na pia kwenye mashamba yaliyolimwa kwa utumwa. Historia ya nyumba haikamiliki wakiachwa nje.

Umri wake siwezi kuukadiria bila kuiona, ila una dalili nzuri. Kwenye nyumba za kale zaidi, kama zile za Shanga na za magofu ya Gedi karibu na Malindi, vishimo vya ukutani ni vichache, aghalabu viwili vitatu karibu na mlango. Ukuta mzima uliojaa safu kwa safu ni mtindo wa karne ya 18, wakati Pate na Lamu zilikuwa na fedha nyingi. Nyumba kubwa za kale zilizobaki Lamu nyingi ni za karne hiyo. Msitegemee mlango kukisia umri. Milango ilihamishwa, ikauzwa, ikabadilishwa. Mara nyingi utakuta nyumba ya karne ya 18 yenye mlango wa nakshi uliochongwa miaka mia baadaye, kama ile ya mtindo wa kijumwa, unaoitwa kwa jina la Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyekuwa mchongaji, mwandishi wa khati na mshairi. Kama mlango wenu wa kale bado upo, ufungeni vizuri. Wanunuzi wake hawalali.

Chukueni tepu mpime upana wa kila chumba, kutoka ukuta hadi ukuta. Mtakuta vyote vinakaribiana, kati ya mita 2.5 na 3 hivi, hata kama urefu wake ni mara tatu au nne ya hapo. Fundi wenu anaona ubanifu tu. Huo ni urefu wa boriti. Dari ya nyumba ya mawe hulala juu ya magogo ya mkoko, na gogo la mkoko lililonyooka, lenye nguvu ya kubeba mawe na chokaa bila kupinda, halizidi urefu huo kwa kiasi kikubwa. Mwashi alianza na boriti, akaweka kuta mbili umbali wa boriti, akaongeza ya tatu nyuma yake, na ya nne. Ndiyo maana nyumba imekuwa vyumba vyembamba virefu vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Ukivunja ukuta mmoja wa kati, boriti za pande zote mbili zimebaki hazina pa kuegemea.

Mpango wenyewe usomeni kwa miguu. Simameni nje. Mlango umeingia ndani ya daka, ukumbi mdogo wenye baraza za mawe huku na huku. Hapo ndipo mwanamume alipokutana na watu wasio wa nyumbani. Ukipita mlango unaingia tekani, yaani njia ya kuingilia, na tekani hupinda: huwezi kusimama barabarani ukaona ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha unatokea kiwanda, yaani ua usioezekwa, ambao ndio taa na feni ya nyumba yote, kwa kuwa kuta za nje karibu hazina madirisha. Kando ya kiwanda palikuwa na choo na birika la maji, na watu walitia samaki wadogo birikani wale viluwiluwi vya mbu. Mahali pengine pana sabule pia, chumba cha mgeni kilichotengwa na nyumba, ambamo mfanyabiashara wa ng’ambo aliweza kukaa msimu mzima akingoja pepo zigeuke asikutane na mwanamke hata mmoja.

Kutoka kiwandani ndipo zinapoanza zile safu: msana wa tini (wa chini), msana wa yuu (wa juu), halafu chumba kiitwacho ndani. Tazameni sakafu, kila ukisogea nyuma unapanda kidogo. Tazameni na kuta, kila ukisogea nyuma mapambo huzidi. Misana imefunguka kuelekea kiwandani, na ncha zake zilizuiwa kwa pazia zikawa pa kulala. Ndani palikuwa pa mama mwenye nyumba. Nyuma ya ndani, katika nyumba nyingi, kuna chumba kimoja cha mwisho kiitwacho nyumba ya kati, ambako wazee wa Lamu walisema mama aliyejifungua alilazwa na maiti alioshwa.

Nyingi za nyumba hizi zimeelekea kaskazini. Watu husema ni kwa ajili ya upepo au kukwepa jua, na yote mawili yana nafasi yake. Lakini kumbukeni kwamba Makka iko karibu kaskazini kabisa ya visiwa vyetu, hivyo kuelekea kaskazini ni kuelekea kibla. Sioni haja ya kuchagua sababu moja.

Sitara ndiyo iliyopanga vyumba hivi. Nyumba za nchi nyingine hujipamba usoni ili mpita njia aone. Ya kwenu imempa mpita njia ukuta mweupe mtupu, ikaweka fahari yake yote mahali ambapo ni jamaa tu atafika. Ukiivunja kupata sebule pana yenye kuonekana kutoka mlangoni, umeigeuza tumbo nje.

Vishimo hivyo vina jina, nalo ni zidaka. Mtu akisema vidaka si kosa, ila sisi wa huku husema zidaka. Havikuchimbwa ukutani baada ya ujenzi. Mwashi alivipanga kwa vibao vyembamba vya matumbawe, akavifunika kwa chokaa laini, akachora nakshi ingali mbichi kwa kisu. Matumbawe ni jiwe la baharini lenye vinyweleo. Likitoka majini huwa laini hata likachongwa kama mbao, likikaa nje hukauka likawa gumu, na daima huwa jepesi. Mawe mazito yenye ncha mliyonayo kwenye kuta za kawaida ni mengine, huchimbwa nchi kavu.

Zilikuwa za nini? Jibu la kwanza ni kaure: sahani na bakuli za Kichina, baadaye na za Ulaya, mali iliyopandishwa ukutani ionekane. Hilo halina shaka. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, akililia kuanguka kwa Pate katika utenzi wa Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, anayataja madaka yaliyokuwa ya sahani, ambamo sasa wanalala makinda ya ndege. Aliandika juu ya mji wenu, binti yangu. Huenda aliingia katika nyumba jirani na hiyo.

Jibu la pili lilitolewa na mtafiti Linda Donley-Reid, aliyefanya kazi Lamu miaka ya 1980 akizungumza na akina mama na kuchimba chini ya sakafu za nyumba za karne ya 18. Kwa maoni yake zidaka na kaure zilikuwa kinga pia: ziliwekwa nyingi zaidi hasa pale palipokuwa na uzazi na mauti, ili jicho baya livutwe na uzuri na lisimfikie mtu. Wapo wasiokubaliana naye kwa ukali wa hoja yake. Mimi naona ina uzito, kwa sababu inaeleza kwa nini uzuri mwingi umewekwa kwenye chumba chenye mwanga mdogo kuliko vyote. Kama shabaha ingekuwa kuringia wageni tu, zidaka zingejaa dakani.

Umeandika “nyumba ya bibi yetu”, na hapo umesema jambo la kihistoria bila kukusudia. Kwa waungwana wa Pate na Lamu, binti alipoolewa mume alihamia kwake, naye baba alitakiwa kumwandalia binti nyumba: ama ghorofa juu ya ile ya wazazi, ama nyumba ya ubavuni. Nyumba zilipotenganishwa na ujia ziliunganishwa juu kwa juu kwa wikio, chumba kilichovuka njia, ili mama na mabinti watembeleane wasishuke barabarani. Angalieni kama ukuta wenu wa juu una mlango uliozibwa unaotazama hewani. Ukiwepo, huenda jirani yenu wa zamani alikuwa dada wa bibi wa bibi yenu.

Jinsi mji ulivyoanguka nitaipita kwa haraka. Pate, pamoja na washirika wake Wamazrui wa Mombasa, ilishindwa na Lamu kwenye vita vya Shela, kisiwani Lamu, yapata 1812, na nguvu zikahamia Lamu na kwa Sayyid Said, mtawala wa Omani. Ukoo wa Nabahani ukaishia kuhamia Witu bara. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa Kenya 1907. Mashamba yaliyolisha nyumba hizi yakakosa watu, wenye mali wakaenda Mombasa, kuta zikaokotwa mawe ya kujengea kwingine, na palipokuwa na misana pakapandwa tumbaku.

Sasa matengenezo.

Saruji ndilo kosa kubwa zaidi ambalo ningewaona mkifanya, na fundi analipendekeza kwa nia njema kwa sababu ndicho alichofundishwa. Ukuta wenu ni wa mawe na chokaa, unene kama nusu mita, nao hunywa maji na kuyatoa. Unyevu hupanda kutoka ardhini ukiwa na chumvi, masika hulowesha juu, kaskazi hukausha. Chokaa inaruhusu mpumuo huo. Saruji inaufunga. Maji yakikosa pa kutokea hubaki nyuma ya plasta, chumvi hukauka mlemle na kulisaga jiwe likawa unga. Nimesimama mbele ya ukuta wa Shela uliopigwa saruji, mzuri kabisa kwa macho, nikaugonga kwa kidole ukaita kama ngoma. Plasta ilipobanduliwa ilikuja na nyuso za mawe zimeshikamana nayo. Aliyeipiga alikuwa mtu mwangalifu mwenye kuipenda nyumba yake. Moyo wake uliumia, na wangu pia.

Slabu ni mbaya zaidi. Ni nzito na ni kipande kimoja kigumu, na kuta za chokaa huhitaji kucheza kidogo. Halafu kuna nondo ndani yake. Kwenye hewa ya chumvi chuma hupata kutu, hufura, hupasua zege, nalo huangukia hao hao mliotaka kuwalinda.

Dari ya asili ndiyo ya kurudisha. Pangeni boriti karibu karibu, juu yake mawe bapa mepesi, juu yake tena kokoto na chokaa, kisha pigeni sakafu. Kusakifu ni kazi ya watu wengi. Zamani walijipanga mstari na vipande vya mbao mikononi, wakipiga kwa wimbo siku nyingi mpaka chokaa ikakaza isipitishe maji. Haraka haisaidii hapa. Bora chumba kimoja kwa mwaka kiwe sawasawa. Mkoko wa kuvuna unahitaji kibali cha Shirika la Huduma za Misitu (KFS), kwa hiyo nunueni kwa muuzaji mwenye kibali na mdai risiti. Chagueni boriti nzima, maana mazio, magogo ya mkoko ya daraja la chini yake, ni nyembamba mno kwa dari ya mawe. Matumbawe mabichi msiyatoe baharini kabisa. Ni viumbe hai na sheria inawalinda. Mawe yaliyoanguka na dari yenu yanatosha sehemu kubwa, yakusanyeni yote, hata vipande vidogo: vya kutomea ndivyo hivyo.

Chokaa tafuteni iliyochomwa kienyeji, na muhimu zaidi, iliyozimwa kwa maji na kuachwa ikae miezi kadhaa. Chokaa ni jiwe lililochomwa likawa unga. Likipakwa ukutani huvuta hewa na kurudi jiwe polepole. Isiyokaa vya kutosha huendelea kufura ukutani na kutoa vijipu. Mchanga uwe wa nchi kavu, ule wa ufuoni una chumvi. Kitu kimoja cha kutazama kila siku: plasta mpya ilindwe na jua kali kwa magunia yenye maji, isikauke kwa ghafla.

Mti uliootea ukutani msiung’oe. Mizizi ndiyo iliyoshika mawe kwa sasa. Kateni shina, liueni likauke, kisha mtoe kidogo kidogo mkijaza chokaa nyuma.

Kuhusu serikali: uorodheshaji wa UNESCO wa 2001 unahusu mji wa kale wa Lamu, haufiki Pate. Hata hivyo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inagusa majengo ya kale na vitu vinavyofukuliwa popote Kenya. Fikeni ofisi ya Makumbusho ya Taifa iliyoko Lamu kabla hamjaanza. Waombeni mtu aje aione, awaonyeshe na waashi wanaojua chokaa, maana bado wapo. Siku hiyo hiyo ingieni katika ile nyumba ya karne ya 18 waliyoifanya ya maonyesho mjini. Mtasimama katika ndani iliyokamilika, mtarudi Pate mkiwa na macho mapya. Mkichimba kwa ajili ya choo au msingi na mkakuta mifupa, vyungu au kaure imezikwa, simamisheni jembe, msiondoe, na muwaite.

Nanyi warithi kaeni pamoja muandike nani ana fungu gani, mbele ya kadhi, kabla ya shilingi ya kwanza kutumika. Nyumba nyingi za mawe nilizoona zimekufa zilikuwa na warithi ishirini na hakuna hata mmoja aliyekuwa na idhini ya kuziba tundu la paa.

Kazi ya mwezi huu ni ndogo na haina gharama kubwa. Pigeni picha kila ukuta, hasa zidaka, kidaka kwa kidaka, mkiweka rula kando yake. Pimeni vyumba mchore ramani hata kwa penseli. Kisha, kwa kuwa dari imefunguka na masika yaja, ezekeni makuti juu ya chumba hicho na juu ya vichwa vya kuta vilivyo wazi, kwa nguzo zinazosimama zenyewe zisizoegemea ukutani. Acheni mwanya kati ya makuti na mawe, upepo upite. Nitumie vipimo na picha, halafu tutazungumza kuhusu boriti ngapi mnahitaji.